Yule Mama wa Kwenye Simu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepoa kiasi cha kukuruhusu kupanda ngazi za ofisini bila kumlaani aliyejenga ghorofa. Sisi huku hatujambo. Wifi yako ana mafua yake ya kila mwaka, ingawa hayamzuii kusema. Baba bado anabishana na redio, na redio bado inashinda. Kila siku anauliza utakuja lini, nami namjibu kwamba cheo kipya kina kazi nyingi.

Cheo hicho, dada, nilitamba nacho karakana mpaka wateja wakachoka. Kila aliyeleta kioo kukatwa au picha kutiwa fremu aliondoka akijua kwamba dada yangu sasa ndiye afisa elimu, shule zote za umma za upande wetu ziko mikononi mwake, na kwamba waraka wake wa kwanza ulipiga marufuku ubaguzi wa wanafunzi. Mzee mmoja aliniuliza kama na mimi nimeongezewa mshahara. Nilicheka naye, kwa kuwa kweli nilijiona nimepanda.

Waraka ulipofika shuleni kwa mwanangu Chiriku, Mwalimu Mkuu alitengeneza bango la kuwaonyesha wageni, akaniletea nilitie fremu. Lilikuwa na maneno ya waraka wako, kwamba shule ni ya watoto wote, na chini yake picha ya darasa. Aliyekaa mbele kabisa, mkono juu, meno yote nje, ni Chiriku. Wewe ndiye uliyempa jina hilo. Ulisema mtoto huyu hasikii wala hasemi kwa mdomo, lakini mikono yake ina maneno kuliko ndege yeyote. Nilitafuta kioo kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na malipo nikayakataa. Kumbe tulikuwa tunavikwa kilemba cha ukoka.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa shule hiyo, mpole asiyependa makuu, alikuja nyumbani kwa kisingizio cha kutafuta kioo cha kabati. Alimwambia wifi yako kwa sauti ya chini kwamba Chiriku na wenzake wawili, mmoja haoni vizuri na mwingine ni mzito wa kusoma, watabakishwa nyumbani siku za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wataandikwa kuwa ni wagonjwa. Asiyefanya mtihani hana alama, na asiye na alama hashushi wastani wa shule. Alisema haya huku machozi yakimlenga, akatuomba tusimtaje jina, na hata wewe sikutajii. Mimi ninavyojua, na wewe unajua zaidi, asiyefanya mtihani huo haendi sekondari. Chiriku hesabu anaziweza vizuri tu, insha ndiyo inayomtoa jasho, lakini tangu mwaka uanze anaamka kabla yetu kuisomea.

Kesho yake nilifunga karakana, nikamshika Chiriku mkono, tukaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alitupokea kwa heshima zote, akatupa viti. Alisema hakuna anayembagua mtu, ila wanataka kumwepushia mtoto aibu, na kwamba mtihani wake maalumu utapangwa baadaye. Nilipouliza baadaye ndiyo lini, akaanza kupanga kalamu zake mezani. Nikamwambia sitoki mpaka nijibiwe. Aliona nimekaa kama gunia la saruji, akasema basi uamuzi si wake, umetoka juu, na ili nisimwone mwongo atapiga simu mbele yangu. Simu yake imekufa spika ya sikioni, kwa hiyo kila anayeongea naye hutangazwa ofisi nzima. Akaeleza kwamba ana mzazi wa mtoto bubu hapa, amemkalia kooni.

Dada, sauti iliyojibu ilikuwa yako.

Ulimwambia asiogope wazazi. Ulisema waraka ni waraka na matokeo ni matokeo, na mwaka huu unataka shule hiyo iongoze. Ulisema hata ukimkalisha mtoto wa namna hiyo kwenye mtihani ataambulia nini, heri apumzike nyumbani. Mzazi apewe maneno matamu, ulisema, watu wa aina hiyo huridhika upesi. Kisha ukacheka kile kicheko chako cha puani, ambacho nakijua tangu nipate akili na ningekitambua hata gizani.

Hukuuliza jina la mtoto. Tulipohamia mtaa huu nilikuambia anasoma shule hii, labda ulisahau, una shule nyingi. Usiku na mchana natafuta namna ya kukutetea na hiyo ndiyo pekee niliyopata, nayo haitoshi. Kama angekuwa mtoto wa jirani, maneno yale yangekuwa halali? Wewe ndiye uliyejifunza lugha ya alama kabla yangu mimi baba yake. Ulikaa naye sakafuni ukimfundisha kuomba maji. Nimekukasirikia, dada, na hasira yenyewe inaniuma kuliko unavyodhani, maana mama alipofariki wewe ndiye uliyenivalisha viatu vya shule.

Na pale ofisini simu ilikuwa bado wazi. Ningeweza kuita jina lako. Badala yake nilimshika Chiriku mkono, nikainuka.

Chiriku alikuwa ananitazama usoni muda wote. Tulipotoka aliniuliza kwa mikono ni nani aliyekuwa akiongea. Nikamwambia ni mama mmoja wa ofisi ya elimu, simjui. Akauliza amesemaje. Nikamwambia amesema usifanye mtihani. Alitembea mpaka nyumbani mikono imelegea, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Jumatatu ijayo mtihani unaanza. Nitampeleka getini mwenyewe, na sare yake imeshapigwa pasi. Wakimzuia, watamzuia mbele ya watu.

Baba anakusalimu, sijamweleza lolote. Wifi yako nilimweleza, naye hajaniagiza salamu. Chiriku anakusalimu kuliko sisi sote. Barua hii kaitaka yeye. Ameniletea kalamu, akasimama mbele yangu, akasema kwa mikono nimwandikie shangazi yake haraka, kwa sababu shangazi ni mkubwa wa ofisi zote, na akisikia tu atamkemea yule mama wa kwenye simu mpaka aombe radhi.

Ndimi mdogo wako,
Fundi Vioo