Uyoga Mweupe Kwenye Kikapu cha Mama Mkwe

Bi Swaumu, shikamoo. Naomba uniwahi kabla ya Jumamosi, maana jambo hili nalala nalo naamka nalo.

Nimeolewa huku Ipole, na mama mkwe wangu, Mama Mektilda, ndiye aliyenifundisha uyoga. Mvua za kwanza zikishanyesha tunaingia porini ukungu ungali umelala kwenye miyombo, yeye mbele mimi nyuma, anatembea polepole akivuta harufu ya udongo mbichi na kuimba kwa chini wimbo usio na maneno, na mimi hapo husahau kabisa kwamba dunia ina ubaya, lakini tangu mwaka jana macho yake hayaoni vizuri, sasa anachagua kwa vidole na pua, wala hakubali kuambiwa, na hapa kwetu alichochuma mama hakikaguliwi, tena mkwe kupekua kikapu chake ni kama kumtukana.

Juzi nilipekua. Nikakuta uyoga mweupe, mzuri ajabu, una pete shingoni na shina limetoka ndani ya kifuko kama ganda la yai, ule ule aliowahi kunionyesha akasema, "Huu, mwanangu, hata usiuguse." Nikaufukia nyuma ya choo. Jana alikuwa ameyakata mashina hukohuko porini ili uyoga usije na udongo, vifuko vikabaki ardhini, nikashindwa kujua upi ni upi, nikamwaga wote nikamsingizia mbuzi. Jumamosi naenda kwetu Nzega kujifungua, nitakaa miezi miwili. Mume wangu Sixbert anasema ni woga wa mimba tu, mama huonja kwanza, ukiwa na sumu atajua. Nikisema nitamvunjia heshima mzazi. Nifanyeje?

Veneranda

Marahaba, Veneranda. Barua yako imenipeleka mpaka porini nikaisikia harufu ya huo udongo, kisha nikaogopa. Unampenda mkweo, hilo nimeliona. Lakini mbuzi umemwonea bure, na Jumamosi utakuwa Nzega.

Sixbert asahau habari ya kuonja. Uyoga huo hauchomi mdomoni, na unaweza kukaa tumboni kimya hadi kesho yake, nyumba nzima imeshakula, na ukianza kuumiza, ini limeshaharibika. Wala msiseme wadudu wameula basi ni salama. Kisu kibaki nyumbani, uyoga ung'olewe na shina lake lote, na usio na hakika nao utupwe. Mpaka utakaporudi, hapo Ipole wale mlenda, uyoga wauache. Na yeyote aliyekwisha kula uyoga wa shaka akimbizwe hospitali hata kama hajisikii vibaya.

Leo hii mkalishe mama jikoni, mkiwa wawili tu, umwambie ulichokikuta na ulichokifukia, hata ule uongo wa mbuzi. Kisha Sixbert ampeleke kwa daktari wa macho, pengine ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa.

Atanuna. Huenda asikusindikize hata kituo cha basi, na utalia njia nzima. Mwache anune, mwanangu. Anayenuna yuko hai.