Maini ya Rui Wangu

Jumamosi, 7 Septemba 2019

Samaki wa rui kumi na tisa wamekufa asubuhi hii, wanaelea ubavu. Jana walikuwa sita. Maji hayanuki, mashine ya hewa inazunguka — nimeyapima mara mbili.

Shemeji Motaleb kapita na pikipiki, kasimama juu ya tuta, hata hakushuka. Akamwambia mume wangu kwamba bwawa likishikwa na mwanamke ndiyo matokeo yake. Mimi nipo pale pale, hatua tatu! Anisur akacheka kidogo. Tangu aumie mgongo, mwaka wa nne huu, mabwawa yote matatu nayaendesha mimi. Na bado akacheka.

Kwetu mke hajibizani na kaka mkubwa wa mumewe. Nikavuta shela, nikatazama maji. Moyoni nilijibu, tena kwa kirefu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekaa chini na boti, kisu chetu cha kusimamisha sakafuni, wembe wake umesimama mbele yangu, kitako chake nimekikanyaga kwa unyayo. Nimepasua saba. Ini la rui mzima lina wekundu wa tofali lililolowa maji. Haya ni ya manjano, laini, yanateleza vidoleni kama siagi. Moja nimelitia kwenye bakuli la maji. Likaelea. Nyongo imevimba. Utumbo umejaa chakula cha juzi, vidonge karibu vizima. Samaki wamekula, wameshiba, wamekufa njaa.

Chakula chenyewe anatuuzia Motaleb. Wakala hapa ni yeye peke yake, na tangu Julai analeta magunia mapya. Nimefungua moja nikaingiza pua. Linanuka rangi ya ukutani.

Jumanne, 10 Septemba

Mjini Mymensingh kwa basi la kwanza, maini kwenye barafu, ndoo mapajani, gunia lile miguuni. Chuoni, kwa wataalamu wa samaki, nimempata Dk. Tahmina, mwanamke mfupi, ana madoa ya wino mikononi. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alivuta kiti akanichorea.

Rui hana mfuko wa tumbo, anasema. Mimi nimewapasua miaka yote hiyo nikiona utumbo mrefu tu, sikujiuliza! Hana tindikali ya kulainisha chakula. Kikishapita kooni, kinaingia moja kwa moja utumboni, na huko anategemea nyongo ya ini na vimeng'enya vya kongosho, na kongosho lenyewe limetawanyika humo humo kwenye ini. Ini likijaa mafuta mabaya, yote yanalala. Chakula kinaingia, hakuna wa kukisaga.

"Usimtaje mtu kwanza," akaniambia. "Niachie gunia lako nilipime."

Ijumaa, 13 Septemba

Majibu yamekuja. Mafuta ya chakula yameharibika. Vimeng'enya vya kusaga mafuta kwenye maini yale havifiki nusu ya vya samaki mzima. Nimeisoma karatasi kwa sauti, Anisur akasikiliza.

Baada ya swala Motaleb kaja, amevaa kanzu nyeupe, kapewa chai. Anaongea na Anisur kana kwamba mimi ni nguzo ya nyumba.

"Mwambie mkeo, Jumanne kwenye kikao cha wafugaji wa samaki aseme maji yake yalikuwa machafu. Yaishe."

Anisur akatazama miguu yake. "Mama Lubna, sema tu. Ni maneno."

Nikaweka sinia chini. "Shemeji, niambie mwenyewe. Masikio ninayo."

Motaleb akashusha kikombe, akanigeukia.

"Ehe, siku hizi unaongea?"

"Nimechelewa kuanza."

"Kupasua matumbo ya samaki ndiyo kumekuwa elimu."

"Rui hana tumbo, shemeji. Umeuza chakula chake miaka kumi na miwili na hilo hulijui."

Akaondoka, chai nusu kikombe. Anisur anasema nimemvunjia udugu. Nimemwambia udugu uliotuletea gunia lile ulishavunjika. Wali wake hakuugusa. Sijuti.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepita kwa wafugaji wote: kila mmoja aje kesho na rui mmoja wa bwawa lake. Wawili wamenifungia mlango. Mmoja kauliza kama mume wangu anajua. Nimemjibu akamuulize mwenyewe.

Alasiri kaja Kohinur, mke wa Motaleb, kupitia mlango wa jikoni. Anaomba bizari. Akasimama, akachezea ncha ya sari.

"Samaki wetu wa nyumbani hawali yale magunia," akasema. "Wanakula mashudu ya haradali na pumba. Baba watoto anasema ya dukani ni ya kuuza."

Akatoka. Bizari kaiacha mezani.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika hapa hapa kikaoni, chini ya paa la mabati, vidole vina magamba. Tumepasua tisa, mabwawa tisa. Maini manjano yote. Watu wanasogea kuangalia, hakuna anayenicheka.

Motaleb anasema ni ugonjwa, umeingia wilaya nzima. Nikasema: basi na bwawa lako linao, shemeji. Tupasue wa kwako mmoja. Akasema bwawa lake halihusiani na kikao.

Hapo Anisur akainuka. Taratibu, mkono kiunoni. Akauchukua wavu wa kurusha uliokuwa ukutani.

"Ukiutia huo wavu kwangu," Motaleb akasema, "usiniite kaka tena."

Bwawa la Motaleb linaonekana kutoka hapa, ng'ambo ya barabara tu. Anisur amefika getini. Ameinama kidogo, mgongo unamuuma, namjua. Geti amelifungua Kohinur mwenyewe, kafunika kichwa, kasogea pembeni.

Motaleb ametoka mpaka barabarani. Anamwita kwa jina la utotoni, mara ya pili, mara ya tatu. Anisur hageuki. Anakunjua wavu.