Wenceslas, jiwe lako bado liko nyumbani

Ni mwaka mzima sasa, mwanangu Wenceslas Cubaka, Papa Élodie, tangu kamio yako ilifika Goma na mutu mwingine ku usukani. Moyo wako ulisimama Mbarara, ukitoka Mombasa. Shofere mwenzako akaleta mizigo, kisha sisi tukakuleta wewe. Mizigo yote ilifika kavu. Watu wa Goma wanakumbuka hiyo mpaka leo. Na sisi tunaikumbuka, na mwaka huu inatuuma.

Mimi mama yako njo naandika, kwa jina la nyumba yote. Nilisoma primaire tu, unajua, basi ukiona kosa usinicheke sana. Nitasema na wewe, lakini nasema kwa sauti, ili wenye watakuja ku makaburi kisha ya misa yako ya mwaka wasikie pia: hawatakuta jiwe juu yako. Watakuta musalaba wa mbao wa mwaka jana, na mawe ya volkano yenye tulipanga na mikono. Si kwamba tulikusahau. Jiwe lako lilifika. Liko hapa kwetu Mapendo, nje ya jiko. Ni sisi tunaona haya kulipeleka.

Ulikuwa mutu wa kubeba vya wengine. Makamio makubwa yanataka muzigo wa tajiri mumoja, yanapakia saruji, yanaenda. Wewe ulibeba vya wamama: huyu mifuko ya chumvi, huyu unga, huyu balo moja ya nguo, huyu katoni za kiberiti. Kila mama alikuwa anakupa kipande cha kitenge chake. Ukifika Mombasa unakifunga ku muzigo wake, juu wengine hawakusoma. Ukirudi, mama anakuja ku depo amevaa kitenge kile kile, na wewe unamuita kwa michoro yake. "Mama Kuku, yako iko chini! Mama Feni, usinisukume, mimi si bwana yako!" Hata mwenye alikuja na hasira ya kungoja alirudi anacheka.

Mvua ikianza, ulikuwa unasimama popote. Louise, muke wako, alisafiri na wewe mara moja, akatuelezea. Ulizunguka kamio yote, ukipitisha mukono chini ya bashi la kufunikia, kila pembe, kama mutu anapapasa mutoto kujua kama ana homa. Pahali bashi lilitoboka, ulitoa koti yako ukaiweka. Louise akauliza, "Na wewe utavaa nini?" Ukamujibu, "Mimi niko na ngozi. Chumvi haina."

Na mimi, ulinipenda juu ya vitendawili vyangu. Wengine wanapigia mama simu kwa kusalimia. Wewe ulipiga toka barabarani, "Mama, tega." Nakumbuka hiki: anaingia wa kwanza, anatoka wa mwisho. Ulicheka mpaka simu ikakatika, ukapiga tena. "Mama, hicho umeiba ku kazi yangu! Ni muzigo wa mbele ya kamio." Ni kweli. Kitu kizito kinapakiwa kwanza, karibu na kabini, vyepesi vinafuata mpaka mulangoni. Kukitoa hicho cha kwanza, lazima utoe vyote. Nilijua, mwanangu. Sitasema kwamba sikujua.

Sasa sikia tuliyofanya.

Léopold, mudogo wako, ndiye anaendesha kamio tangu uende. Wamama walirudi kwetu juu ya jina lako. Walisema, kamio ya Papa Élodie ni ile ile. Tukaagiza jiwe lako kule Mombasa, jiwe jeusi la kung'ara, na jina lako, na picha yako ukicheka. Likapakiwa la kwanza juu ya uzito wake. Mizigo ya wamama ikafuata, na vipande vya vitenge vimefungwa vizuri kama ulivyomufundisha.

Wakafika muji wa Kiwanja, karibu kuingia Goma. Mbele yao barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, makamio yamepanga foleni, magari madogo tu njo yanapita. Na siku ya misa yako ilikuwa inakaribia. Léopold akapiga simu.

"Mama, tutangoja hapa mpaka watengeneze."

"Na jiwe?" nikamuuliza. "Mwaka utimie mutoto wangu analala chini ya mbao? Watu watasema nini? Litoe, liweke ku gari ndogo."

"Mama, liko mbele kabisa. Itaomba nishushe mizigo yote ya wamama."

"Basi shusha."

Ni mimi nilisema hivyo. Louise alikuwa karibu yangu, na wajomba zako walikuwa sebuleni, na hakuna mwenye alisema hapana. Wote tulitaka jiwe.

Wakashusha yote kando ya barabara. Mvua ikawakuta pale. Bashi lilikuwa moja. Léopold akapiga tena, na mvua niliisikia ndani ya simu, kama mutu anamwaga muchele ku bati. Nikauliza, "Jiwe mumelifunika?"

"Tumelifunika, mama. Picha yake isiharibike."

Nikasema, "Asante Mungu." Nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua maharagi yangu.

Jiwe, mwanangu! Niliuliza habari ya jiwe. Chumvi inayeyuka, unga unageuka bugali mbichi, rangi ya vitenge inashuka ndani ya sukari, na lile bashi limelala juu ya kitu chenye hakijawahi kuogopa mvua. Maharagi yale tulikula, tena kwa furaha.

Jiwe likafika mbele ya siku ya misa. Majirani walikuja kulitazama, wakalisifu, na mimi nikasifiwa pamoja nalo. Kisha barabara ikafunguka, kamio ikaingia Goma. Wamama wakaja ku depo wamevaa vitenge vyao kama siku zako. Hakuna mwenye aliitwa Mama Kuku siku ile. Léopold aliangalia chini. Wachache walilia. Mama Dancille, ule muuza chumvi mwenye sauti, hakulia. Alifungua mufuko wake, maji yakamwagika ku miguu yake. Akaniangalia mimi, juu anajua ninachopenda.

"Kitendawili!" akasema.

Wamama wakaitika, "Tega!"

"Mvua inanyesha. Jiwe limevaa, chumvi iko uchi."

Hawakufikiri hata kidogo. Wakajibu pamoja, "Ni kwa Papa Élodie!"

Wangetaja jina langu ningevumilia. Walitaja lako. Sasa watoto wa avenue wanategana hicho mbele ya mulango wetu, na jibu lake ni wewe, mutu mwenye alivua koti kwa chumvi ya wengine. Jina lako lilikaa safi miaka yote ile barabarani, na sisi wa nyumba tukalichafua kwa kutaka kuliandika vizuri ku jiwe.

Tulikaa jioni, familia yote. Léopold akasema tupeleke jiwe ku kaburi, ya wamama tutayatengeneza pole pole. Hapo mutoto wako Élodie akauliza, "Papa atalala namna gani chini ya kitu hicho?"

Basi tukakata neno. Kamio imerudi Mombasa, na safari hii haibebi kitu cha mutu mwingine, wala chetu. Inaleta vya wamama tu, vya kujaza vile vyenye tuliharibu. Léopold yuko njiani, ndiyo maana hataonekana leo. Jiwe lako litatoka hapa siku mama wa mwisho atafungua mufuko wake akute kavu. Mpaka hapo, kuku wanapanda juu yake, nawafukuza, wanarudi.

Nilienda kwa Mama Dancille ku soko, Élodie akinishika mukono, nikamuomba musamaha. Akasema, kama kwa bibi yake, "Koko, keti, jua ni kali." Alinipa kiti chake, yeye akabaki amesimama. Kiti kile kiliniuma kuliko kitendawili. Nikamuuliza kama atakuja ku misa yako.

"Mutoto yako amenibebea miaka yote, mimi nisikuje?" akasema. "Nitakuja kwa ajili yake. Lakini ninyi wa nyumba, nitawasalimia siku chumvi yangu itafika."

"Ni haki yako, mama."

"Na siku hiyo unitegee kimoja, koko. Kirahisi. Hiki changu nimeshakichoka."

Asubuhi hii ku parokia, banki za mbele, viti vyenye wanawekea familia ya marehemu, tumewaachia wamama. Tulimuomba padri, akatutazama kidogo, akakubali. Sisi tutakaa nyuma kabisa, karibu na mulango. Ukitutafuta mbele usituone, usifikiri hatukukuja, mwanangu. Tumekuja wote, ila Léopold tu. Ni haya tu njo imetukalisha huko.

Wenye wanakukumbuka: mama yako Micheline, muke wako Louise, watoto wako Élodie na Carlos, mudogo wako Léopold, akiwa barabarani, wajomba, mashangazi na wajukuu wote wa nyumba ya Cubaka.

Siku zote tutakukumbuka, Wenceslas, hata siku tunashindwa kuinua uso.