Sweta la Mgeni wa Komoro

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Huku Lemara tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na mbuzi wake bado anazo.

Umeuliza kwa nini wazee wa huko Komoro wakisikia unatoka Tanzania wanakushukuru, nasi tuliwafanyia nini. Wako waliofanya makubwa. Sisi wasichana wa shule ya hapa chini ya Mlima Meru tulifuma masweta.

Tuliambiwa watu wa visiwa vidogo wanadai uhuru wao kwa Wafaransa, na mmoja wao anakuja kuzungumza nasi. Kwetu asubuhi ni baridi, basi tukadhani baridi iko kila mahali, tukawafumia. Sweta langu lilikuwa zito kama blanketi. Nilimkabidhi mwenyewe mchana, jua likiwaka. Akalivaa palepale, akahutubia nalo mpaka mwisho, jasho likimtiririka.

"Sisi ni wachache," alisema. "Tukisahauliwa, tumekwisha. Leo nitawaandikia nyumbani kwamba hapa tunakumbukwa."

Baadaye mwalimu akatuonyesha Komoro kwenye ramani, akasema kule ni joto mwaka mzima. Nilitamani ardhi inimeze! Kisha nikakumbuka jinsi yule kaka alivyofunga vifungo vyote, hata cha shingoni.

Basi wakikushukuru tena, pokea kwa heshima, halafu waambie bibi yako naye anashukuru. Ndugu yao hakutucheka.

Bibi yako wa Lemara