Makochi ya Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo nimeitanguliza usije ukasema sina adabu. Mama hajambo, cherehani yake imepona, paa bado linavuja palepale.

Majibu ya ufadhili yametoka. Nimekosa. Wale wa mfuko unaowalipia ada wanafunzi wa sheria wasiojiweza walikuja nyumbani kuona tunavyoishi, nawe siku moja kabla ukatuletea makochi yako, televisheni na kapeti, eti tusiaibike mbele ya wageni. Mjomba, walikuja kuuona umaskini wetu! Wewe ukaufunika kwa kapeti! Nilipotaka kusema vitu si vyetu ukanikata jicho, ukawaambia, "Hapa hatuna shida." Wakakuamini, wakaaga. Kesho yake ukaja na gari ukabeba kila kitu.

Leo nimemuuliza Mama kama hana hasira nawe. Alikuwa anashona, amekalia ndoo aliyoipindua. Akajibu, "Lakini siku ile tulipendeza, mwanangu."

Basi hasira nimebaki nayo peke yangu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ni mimi mpwa wako, naandika nimesimama, maana ndoo ni moja.