Maneno ya Makoti Yangu

Ijumaa, Mbotela

Eti alijifunza mwenyewe! Mume wangu Mutua amewaambia wageni hivyo mbele yangu, mkononi ameshika sahani ya pilau niliyopika mimi.

Mtihani wa kuongoza watalii alikuwa ameanguka mara mbili. Majina ya ndege kwa Kiingereza hayakumkaa kichwani mpaka nilipomfundisha kwa mitumba ninayouza kibandani. Nilivaa koti la kofia nikamwambia, hili ni hooded, na tumbusi yule kama amevaa kofia naye ni hooded. Nikainua kola: hii ni collared, kama yule ndege chozi mwenye utepe shingoni. Kila jioni nilijigeuza mbele yake kama sanamu ya dukani.

Sasa amepita. Mama Achieng' wa kanisani akamuuliza, "Na mama watoto alikusaidia?"

Akacheka. "Huyu? Huyu anajua makoti tu."

Na mimi nikacheka nao. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilikuwa nimemfichia koti moja zito, lenye kofia, la baridi ya alfajiri huko mbugani. Kesho nalitundika mbele kabisa ya kibanda. Akilitaka, aje alinunue kama mteja.