Sitatia Sahihi Kwamba Nilidanganya

Lodwar

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye jua hili la Lodwar. Goti lako linaendeleaje na vilima vya Kilungu? Mimi ni mzima, ila ngozi imekauka kama samaki wa huku. Maparachichi uliyompa dereva wa lori yalifika. Nusu yaliharibika njiani, nusu nimekula na majirani.

Kaka Mutua ameniambia kwa simu kwamba ulilia kanisani, ukawaomba kina mama waniombee niache kiburi nitie sahihi. Mama, kabla hamjaanza kufunga na kuniombea, nisikilize. Habari hii hujaisikia kutoka kwangu mwenyewe.

Unajua nilikuwa nikisoma matangazo ya vifo kwa Kikamba pale redio ya umma. Na unajua sisi tulivyo: tangazo la kifo si la kusema mazishi ni lini tu. Ni la kutaja watu. Wake, watoto wote na walikoolewa, mpaka mashemeji. Asiyetajwa anajua ametolewa katika boma. Zamani tulisoma yote bure, kwa sababu redio ililishwa na kodi. Halafu pesa za serikali zikapungua, wakubwa wetu wakasema redio ijilishe. Wakaleta kampuni ya kubeti idhamini kipindi cha vifo. Eti kipindi cha vifo! Kila tangazo likapewa majina manne tu, ya ziada yanalipiwa.

Ikaja karatasi ya mzee mmoja wa Malili, majina tisa, na familia haikuwa na cha kulipia. Nikakata matano. Hakuna aliyenishika mkono, nilikata mwenyewe. La mwisho lilikuwa la Ndanu, binti aliyezaliwa kabla baba hajaoa, anayeuza machungwa kando ya barabara pale Salama. Alikaa na redio akasikiliza mpaka mwisho, asisikie jina lake. Akaona ndugu zake wamemkana mbele ya Ukambani nzima. Akafunga mlango, hakwenda kumzika baba yake. Na ndugu zake walikuwa wamemwandika, Mama. Jina nilikuwa nalo mkononi.

Nilipojua, nilienda Salama kumwomba msamaha. Hakunitukana. Alinipa kiti, akaniuliza: "Jina la watu wa kubeti ulilisoma mara tatu. Langu lilikosa nafasi hata mara moja?"

Nilitoka Salama na swali hilo.

Ndiyo maana wabunge walipokuja mjini Wote kuchukua maoni juu ya mswada wa kugharamia redio ya umma, nilisimama. Mswada unataka redio iishi kwa matangazo ya biashara pekee. Nikaeleza habari ya Ndanu ilivyo, na kwamba aliyekata ni mimi. Nikasema redio ya watu wote ilipiwe na kodi ya watu wote, na fungu lake liandikwe kwenye sheria, ili waziri asiweze kulizuia siku habari zikimkasirisha. Watu walipiga makofi. Wiki iliyofuata nikaletwa huku kulinda mtambo wa kurushia matangazo na kujaza dizeli kwenye jenereta, mimi ambaye hata balbu hubadilishiwa na Mutua.

Sasa wameniletea karatasi. Nikikubali kwamba niliwadanganya wabunge, narudi kwenye maikrofoni. Nikikataa, kazi imekwisha. Najua kazi hii ndiyo iliyoezeka nyumba yetu, na ninaogopa, sikufichi. Lakini Ndanu nilishamtoa mara moja kwa sababu niliambiwa majina manne tu. Sitamtoa mara ya pili. Siwezi kula matapishi yangu ili nipendwe na wakubwa. Liwalo na liwe. Wakinifuta, shamba liko na mikono ninayo.

Msalimie Mutua na mkewe, shangazi yetu mshonaji, na nyanya, umpigie kelele kwenye lile sikio zuri. Wasalimie pia kina mama wa kanisa. Waambie waniombee nisiogope, hilo la kiburi waliache.

Karatasi yao nimeirudisha leo asubuhi bila sahihi. Wabunge watasikiliza watu tena, safari hii Nairobi, na Ndanu amekubali kuja. Atajitaja mwenyewe, jina lake na la baba yake, na mimi nitakaa kimya nimsikilize mpaka amalize.

Binti yako mkaidi, anayekupenda,
Mwende